Mtu Aliyeijua Njaa: Maisha ya Daktari Viktor Frankl

Mhariri wa jarida letu alipotangaza kwenye paredi kwamba kila mwanachama wa Chama cha Kiswahili aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kuiaga dunia, wenzangu waliyazoa majina yote mazuri kabla sijainua mkono. Mmoja akamchukua Moraa Ngiti, nabii wetu wa kike aliyewapa moyo vijana wa Kitutu wawakabili Waingereza mwaka 1908. Mwingine akamnyakua Mekatilili wa Menza. Shaaban Robert aligombewa na watu watatu. Mimi nikabaki na jina moja ambalo hakuna aliyelitaka kwa sababu hakuna aliyelijua: Viktor Frankl. Jirani yangu wa deski aliniuliza kama huyo ni mchezaji mpya wa Arsenal.

La hasha. Huyu alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, Myahudi wa Austria, na sikumchagua kwa kubahatisha. Nina deni naye. Niruhusu nikueleze deni lenyewe kwanza, ndipo tufunge safari ya Vienna.

Nilipokuwa kidato cha pili nilianza kukiogopa chakula. Najua utacheka. Sisi wa Nyamira na Kisii njaa ya kukosa si wengi tunaoijua. Ndizi ziko nyuma ya jikoni, avokado zinaanguka mpaka mbwa anazila, chinsaga na managu zinaota hata mahali ambapo hazikupandwa. Kwa hivyo mtu akikataa ugali wa wimbi kwetu, hakuna anayesema anajinyima. Watasema amerogwa, au ana minyoo, au akiwa msichana, basi bila shaka ana mimba. Mimi nilisemwa yote matatu.

Mambo yalianza na maneno madogo tu. Kwenye harusi ya binamu yangu wageni walinitazama juu mpaka chini wakasifu nilivyonenepa. Walidhani wananisifu! Darasani wavulana wakanipa jina la utani ambalo sitaliandika hapa. Nikaanza kumpa jirani yangu githeri yangu ya chamcha. Nyumbani nilidai nimeshiba shuleni, shuleni nilidai nimeshiba nyumbani. Shule ya kutwa ni nzuri sana kwa uongo wa namna hiyo. Kila siku niliyoimaliza bila kula niliiona kama mechi niliyoshinda, na hakuna aliyejua tunacheza. Ajabu ni kwamba usiku sikuwaza kitu kingine ila chakula. Nywele zikaanza kukatika. Baridi ya asubuhi ikanitafuna hata nikivaa sweta mbili. Aljebra, somo nililokuwa nikilipenda, ikawa kama Kichina.

Siku moja nilianguka kwenye mteremko tukitoka kuchuma chai. Nyanya yangu, ambaye kwa Ekegusii tunamwita magokoro, ndiye aliyezikataa zile hadithi za kurogwa. Alinishika mkono tukaenda kwa miguu hadi zahanati, na huko tukaelekezwa hospitali, na baada ya daktari nikapelekwa kwa mama mmoja mshauri. Huyo mama ndiye aliyenitajia Frankl. Nitarudi kwake baadaye.

Viktor Emil Frankl alizaliwa mjini Vienna tarehe 26 Machi 1905. Baba yake, Gabriel, alikuwa mtumishi wa serikali, mtu wa nidhamu kali. Mama yake, Elsa, alitoka Prague. Walikuwa watoto watatu: Walter, Viktor na kitinda mimba wa kike, Stella. Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914 Viktor alikuwa na miaka 9, na dhiki ikaingia nyumbani. Kuna nyakati ambapo watoto hao walikwenda kwa wakulima kuomba mkate. Mtoto wa karani wa serikali, akiomba mkate! Hiyo ndiyo njaa yake ya kwanza. Ya pili tutaifikia.

Shuleni Viktor alikuwa mwanafunzi wa aina ambayo huwachosha walimu kwa maswali. Mwaka 1921, akiwa na miaka 16, umri wangu huu, alitoa mhadhara wake wa kwanza mbele ya watu wazima, na mada aliyoichagua ni maana ya maisha. Mimi nikiambiwa nisome habari kwenye paredi magoti hugongana. Si hivyo tu. Akiwa bado mvulana wa shule alimwandikia barua Sigmund Freud, daktari mashuhuri kuliko wote waliochunguza nafsi ya binadamu wakati huo, ambaye waliishi naye mji mmoja. Freud akamjibu! Wakaandikiana kwa muda, na mwaka 1924 makala ya kijana huyo ikachapishwa katika jarida la kimataifa la Freud.

Baadaye Viktor alimwacha Freud akamfuata Alfred Adler, mtaalamu mwingine wa Vienna. Huko nako hakukaa, maana mwaka 1927 alifukuzwa katika kundi la Adler kwa kuwa hakukubali kila kitu. Kwa ufupi, na walimu wangu wanisamehe kama nimerahisisha mno, Freud aliona kwamba mtu husukumwa hasa na hamu ya raha, na Adler akaona husukumwa na hamu ya kujiondoa katika unyonge na kuwa na uwezo. Frankl alisema hapana, lililo kubwa kuliko hayo ni kutaka maisha yawe na maana. Mtu akiikosa maana, ndipo anapoanza kuzitafuta raha na ukubwa kwa pupa, kama anayekunywa maji ya chumvi. Njia yake ya kutibu aliiita logotherapia, kutokana na neno la Kigiriki logos, ambalo yeye alilichukua kwa maana ya maana yenyewe. Neno hilo alilitumia hadharani mara ya kwanza mwaka 1926, akiwa mwanafunzi wa udaktari.

Sasa fungua macho, msomaji, hapa ndipo anapotuhusu sisi. Miaka hiyo vijana wa shule wa Vienna walikuwa wakijiua, na wengi walijiua wakati wa kutolewa kwa ripoti za mwisho wa muhula. Sisi tunaijua siku hiyo. Tunajua jinsi mtu anavyoipindapinda ripoti mpaka itoshe ndani ya soksi. Frankl, ambaye hakuwa hata amehitimu, alianza mwaka 1928 kupanga vituo vya ushauri nasaha kwa vijana, bila malipo, Vienna na katika miji mingine sita. Aliwaomba madaktari na wataalamu wajitolee. Kisha akaweka kampeni maalumu ya msimu wa ripoti. Ukafika mwaka ambao hakuna mwanafunzi hata mmoja wa Vienna aliyejiua. Hata mmoja! Mtu aliyefanya jambo hilo peke yake maishani angestahili ukurasa katika jarida letu, na hapo alikuwa bado kijana.

Kuna kisa kingine cha siku hizo ambacho nakipenda kuliko vyote. Uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka na vijana wengi wa Vienna hawakuwa na kazi. Walikuja kwake wakiwa wamenyong'onyea. Frankl akagundua kwamba kilichowaua moyo si umaskini peke yake. Walikuwa wamejiambia kwamba asiye na kazi hana faida, na asiye na faida maisha yake hayana maana. Hakuwa na kazi ya kuwapa. Akawashawishi wajitolee katika maktaba, katika vyama vya vijana, popote pale walipohitajika, bila ujira. Unyonge ukawatoka, ingawa mfukoni hamkuongezeka hata senti na matumbo yaliendelea kunguruma vile vile. Nikiwaona kaka zetu waliohitimu vyuo wakishinda stendi ya matatu kutoka asubuhi hadi jioni, nakikumbuka kisa hiki.

Alihitimu udaktari mwaka 1930, na kuanzia 1933 hadi 1937 alifanya kazi katika hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili ya Steinhof, akisimamia jengo la wanawake waliojaribu kujiua. Walipita mikononi mwake maelfu kila mwaka. Alikuwa daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu pia. (Wagusii wenzangu msione ajabu. Sisi tulikuwa na ababari, mafundi wetu waliopasua ngozi ya kichwa na kukwangua fupa la mtu aliyeumwa na kichwa baada ya kupigwa, naye akapona akaenda zake shambani.)

Mwezi wa Machi mwaka 1938 Wanazi wa Ujerumani wakaingia Austria. Daktari Myahudi akakatazwa kumtibu asiyekuwa Myahudi. Mwaka 1940 Frankl akawa mkuu wa idara ya mishipa ya fahamu katika Hospitali ya Rothschild, hospitali ya Wayahudi. Wanazi walikuwa na mpango wa kuwaua wagonjwa wa akili. Frankl akawa anawaandikia wagonjwa wake vyeti vya ugonjwa mwingine ili wasichukuliwe. Ni uongo, ndiyo. Lakini kuna uongo wangu wa githeri na kuna uongo huo, na Mungu anajua tofauti.

Kisha ikaja viza. Ubalozi wa Marekani ulimwita mwaka 1941 aende kuichukua. Jamani, fikiria! Marekani angeendelea kuandika na kufundisha, salama salimini. Lakini wazazi wake wazee hawakuwa na viza. Kazi yake hospitalini ndiyo iliyowakinga wasipelekwe kambini, na akiondoka tu, wamekwisha. Alizunguka mjini akiwa hajui la kufanya. Aliporudi nyumbani akaona kipande cha marumaru mezani. Baba yake alikuwa amekiokota kwenye magofu ya sinagogi lililoteketezwa na Wanazi. Kilikuwa na herufi moja tu ya Kiebrania, na baba akamweleza kwamba ilitoka katika ile amri inayotuagiza kuwaheshimu baba na mama. Frankl akaiacha viza ipitwe na wakati.

Nilipomsimulia magokoro habari hii alinyamaza kwa muda mrefu, akachochea moto, kisha akatamka kwamba huyo mtoto alilelewa. Toka siku hiyo alimchukulia Frankl kama mtu wa ukoo.

Mwezi wa Desemba 1941 Viktor alimwoa Tilly Grosser, muuguzi wa hospitali ile ile. Hawakupewa nafasi hata ya kupata mtoto, kwa kuwa Wanazi hawakuruhusu. Mwezi wa Septemba 1942 walipelekwa wote, pamoja na wazazi, hadi kambi ya Theresienstadt katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Czech. Mzee Gabriel alifariki huko mwaka 1943, njaa na ugonjwa wa mapafu vikiwa vimemmaliza. Mwezi wa Oktoba 1944 jina la Viktor likawa kwenye orodha ya wanaopelekwa Auschwitz, Poland. Jina la Tilly halikuwamo. Tilly akajiandikisha mwenyewe ili amfuate mumewe.

Huko walitenganishwa. Afisa mmoja alisimama akiwaelekeza wageni kwa kidole, huyu kushoto, yule kulia. Upande mmoja ulikuwa kazi na wa pili ulikuwa gesi. Mama yake Viktor alifikishwa huko siku chache baadaye akauawa kwa gesi. Walter, kaka mtu, naye aliangamia. Stella peke yake ndiye aliyewahi kutoroka, akaishia Australia. Ndani ya bitana ya koti lake Viktor alikuwa ameshonea mswada wa kitabu chake cha kwanza, kazi ya miaka mingi. Wakamnyang'anya koti lote. Akapewa tambara la marehemu mmoja, na mfukoni mwake akakuta karatasi moja iliyochanwa kutoka kitabu cha sala cha Kiebrania. Sina budi kuongeza kwamba Auschwitz yenyewe alikaa siku chache tu. Watu husimulia kana kwamba alikaa miaka. Muda mwingi aliobaki alikuwa katika kambi ndogo zilizokuwa chini ya Dachau, huko Kaufering na baadaye Türkheim, kusini mwa Ujerumani, akichimba mitaro na kujenga reli kwenye theluji akiwa mfungwa nambari 119104.

Hii ndiyo njaa ya pili. Kwa siku walipewa kipande kidogo cha mkate na supu ya maji maji. Mtu aliomba mpakuaji achote kutoka chini ya sufuria walau apate njegere. Frankl aliandika kwamba wafungwa waliongea juu ya chakula kila walipopata nafasi, wakipangiana vyakula watakavyopika siku wakiachiliwa. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu. Nilijiona. Nilikuwa na daftari nyuma ya sanduku langu ambalo nilikuwa nimeandika mapishi, mimi ambaye nilikuwa sili! Yeye alinyimwa na watu wenye bunduki, mimi nilijinyima mwenyewe, lakini vichwa vyetu vilikuwa vimejaa kitu kimoja.

Mshauri alinieleza baadaye kwamba hilo si ajabu wala si wazimu. Katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, wanaume 36 wenye afya njema, ambao walikataa kubeba silaha kwa ajili ya imani yao, walijitolea mwaka 1944 na 1945 kupunguziwa chakula kwa miezi 6, ili madaktari wajue namna ya kuwalisha watu walioshinda njaa vitani. Si muda wakawa wanaota chakula, wanakusanya vitabu vya mapishi, wanasikia baridi, wananuna, hawawezi kusoma ukurasa mmoja wakauelewa. Njaa yenyewe ndiyo iliyowageuza. Kumbe aljebra yangu haikuwa imenikimbia, nilikuwa nimeinyima mafuta ya taa!

Kambini kulikuwa na sigara. Walipewa chache kama zawadi ya kazi, na sigara moja iliweza kubadilishwa kwa bakuli moja la supu. Kwa hivyo hakuna aliyevuta. Wenzake wakimwona mfungwa ameketi anavuta sigara zake mwenyewe, walijua amekata tamaa, na aliyekata tamaa kwa kawaida hakurudi tena. Mstari huo ulinitia hofu. Mimi nilidhani nashinda mechi, kumbe nilikuwa nimeketi navuta supu yangu.

Lakini Frankl aliona na kinyume chake. Aliona watu wachache, wachache kweli, waliopita kwenye vibanda wakiwafariji wenzao na kuwapa kipande chao cha mwisho cha mkate. Akahitimisha kwamba mtu anaweza kunyang'anywa vyote isipokuwa uhuru wa kuchagua atakavyoyakabili yanayomfika. Yeye mwenyewe, alfajiri wakitembezwa gizani kwenda kazini huku wakiteleza juu ya barafu, alimwazia Tilly, akaongea naye moyoni. Wafungwa wawili walipomwambia kwamba hawaoni tena wanachotarajia katika maisha, aliligeuza swali: je, kuna jambo ambalo maisha yanalitarajia kutoka kwao? Ikaonekana kwamba mmoja alikuwa na mtoto aliyemngoja ng'ambo. Wa pili alikuwa mwanasayansi aliyeacha mfululizo wa vitabu katikati, ambavyo mtu mwingine asingeweza kuvimalizia. Hakuna mwingine wa kuwa baba wa mtoto yule, na hakuna mwingine wa kuandika vitabu vile.

Huko Türkheim Frankl alishikwa na homa ya taifasi. Ili asipotewe na fahamu usiku, alijikaza kuuandika upya mswada wake uliopotea, kwa vifupisho, juu ya vipande vya karatasi walivyomwibia wenzake. Tarehe 27 Aprili 1945 Wamarekani wakaikomboa kambi. Akarudi Vienna akakuta hakuna mtu. Tilly alikuwa amefia Bergen-Belsen.

Miaka iliyofuata nitaipita mbio mbio, maana ilikuwa ya heri na heri haina masimulizi mengi. Kitabu chake cha kambini alikisomea waandishi wake katika siku 9 tu na kikatoka mwaka 1946. Alitaka kisiwe na jina lake, kiwe na nambari yake ya ufungwa. Kilipotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1959 kikaenea duniani, na kufikia kifo chake nakala zaidi ya milioni 10 zilikuwa zimeuzwa. Aliongoza idara ya mishipa ya fahamu katika hospitali ya Poliklinik ya Vienna kwa miaka 25. Mwaka 1947 alimwoa Eleonore Schwindt, Mkatoliki, wakapata binti, Gabriele. Alipanda milima mpaka uzeeni, na alipofika miaka 67 akajifunza kurusha ndege. Vyuo vikuu vikamtunuku shahada 29 za heshima. Basi.

Sasa turudi kwa yule mshauri wangu. Frankl hakuwa anajulikana kwa kutibu ugonjwa wa kujinyima chakula. Ni wataalamu waliomfuata walioyachukua mawazo yake wakayatumia kwa vijana wenye ugonjwa huu, ama wale wanaojinyima, ambao huitwa wagonjwa wa anoreksia, ama wale wanaokula kupita kiasi kisha wakajitapisha, ambao ni wa bulimia. Huko Hispania watafiti wamechunguza wagonjwa hao wakaona kwamba aliyeona maisha yake hayana maana ndiye aliyezidiwa zaidi. Mshauri alinieleza hivi. Mtu akiwa na pengo ndani, huweza kulijaza kwa lengo dogo linaloonekana, kama vile mwili mwembamba, kwa sababu mizani hujibu kila siku, lakini maisha hayajibu haraka hivyo. Tena Frankl alionya juu ya kujitazama kupita kiasi. Jicho lenye afya halijioni. Likianza kujiona, ujue lina mtoto wa jicho. Kwa hiyo tiba haimwambii mgonjwa ajitazame zaidi, humgeuza atazame nje, kwenye kazi inayomngoja, au mtu anayempenda, au, kama kuna mateso yasiyoepukika, namna atakavyoyabeba.

Usidhani nilikubali. Aliniuliza ni nani au ni nini kinachoningoja mimi, ambacho mwingine hawezi kukifanya. Nilimjibu hakuna. Nilimjibu hivyo wiki tatu mfululizo. Nilimwona kama mtu anayeniimbia nyimbo za kanisani wakati nyumba inaungua. Na hapa nina neno na Frankl mwenyewe, kwa heshima zote: maana peke yake haijazi tumbo. Muuguzi alikuwa ananipima kila juma na daktari aliniandikia kiasi cha kula, nipende nisipende, na kama si hayo, maneno ya maana yangeniingia sikio hili yakatokea lile. Ubongo wenye njaa hausikii. Naye mshauri alikiri hivyo hivyo, kwamba chakula na daktari kwanza, ama tuseme vyote kwa pamoja.

Jibu lilikuja bila kulitafuta. Magokoro hakusoma. Enzi zake wasichana walibaki kuchunga ng'ombe na kulea wadogo zao. Kanisani hushika Biblia ya Ekegusii kifuani kama wenzake lakini haifungui. Jioni moja aliniuliza, kwa aibu, kama herufi ya kwanza ya jina lake inafanana na jembe. Tukaanza hapo hapo, kwa mkaa juu ya kibao. Lakini aliweka sharti moja: mwalimu hawezi kufundisha kabla hajala, na mwanafunzi hawezi kula kabla ya mwalimu. Ningefanya nini? Nikikataa kula, yeye halali njaa tu, halijui pia jina lake.

Sikupona kama anayezima taa. Likizo ya Agosti nilirudi nyuma, nikaitupa chajio kwa kuku siku nne. Magokoro aliwaona kuku walivyonawiri. Hakunigombeza. Alikaa na kibao chake mapajani mbele ya chakula kilichopoa, akangoja. Tulikula saa nne usiku.

Viktor Frankl alifariki Vienna tarehe 2 Septemba 1997, akiwa na miaka 92, kwa ugonjwa wa moyo. Wachache walipata habari. Siku mbili kabla, tarehe 31 Agosti, Diana, aliyekuwa mke wa mwana wa malkia wa Uingereza, alikuwa amekufa kwa ajali ya gari mjini Paris, na tarehe 5 Mama Teresa akafa Calcutta, kwa hivyo magazeti hayakuwa na nafasi ya daktari mzee. Nimeona nitaje hilo kwa sababu Diana huyo, mwenye vyote ambavyo msichana angeweza kuvitamani, alikuwa amejitokeza kwenye televisheni mwaka 1995 akakiri mbele ya dunia nzima kwamba aliugua bulimia kwa miaka. Wote wawili waliondoka juma moja bila kujuana.

Frankl amezikwa katika makaburi makuu ya Vienna, sehemu ya Wayahudi. Magokoro ameniuliza kama huko huwa wanaweka jiwe lenye jina. Nikamjibu kwamba huweka. Akataka nimwandikie jina hilo kwenye kibao aone kama ataweza kulisoma. Herufi ya V imemshinda, kwa kuwa Ekegusii haina. Ameniita mezani, ugali unapoa, nami bado nina deni la Hesabu la kesho. Nakomea hapa.